Jules Bordet, Mbelgiji aliyekamata mikrobe ya kifaduro, na sababu ya wazazi wa Kolwezi kumjua

Mwaka 1906, mjini Brussels, yalitokea mambo mawili ambayo mpaka leo yanagusa watoto wa Kolwezi. La kwanza linajulikana na kila mkaaji wa Katanga ya zamani: tarehe 28 Oktoba ya mwaka huo kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa, na shaba yetu ikaanza safari yake ya kwenda Ulaya. La pili wengi hawalijui. Daktari mmoja wa miaka 36, Jules Bordet, pamoja na mwenzake Octave Gengou, walitangaza kwamba wamefaulu kuotesha mikrobe inayoleta kifaduro, ugonjwa ambao hapa kwetu wengi wanauita kwa jina la Kifaransa, coqueluche.

Jina la Union Minière lilifutwa katika migodi yetu mwaka 1967, serikali ilipochukua mali zake na Gécamines ikafuata. Jina la Bordet lingali linatumika kila siku katika maabara za dunia nzima, kwa sababu mikrobe ile inaitwa Bordetella pertussis. Na kila mama wa Dilala, Manika au Fungurume anayempeleka mtoto wake kupigwa shindano ya Penta akiwa na wiki 6, anapokea sehemu ya kazi iliyoanzia katika chumba kile cha Brussels.

Haya ni maisha ya mtu huyo. Yanafaa kusimuliwa katika jimbo la Lualaba, ambako mtoto anapokohoa lawama inakwenda kwanza kwa vumbi la migodi.

Mtoto wa mwalimu

Jules Jean Baptiste Vincent Bordet alizaliwa tarehe 13 Juni 1870 huko Soignies, mji mdogo wa Ubelgiji. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka 1874 familia ilihamia Brussels, na huko Jules alisoma shule mpaka kuingia Chuo Kikuu Huru cha Brussels. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1892, akiwa na miaka 22.

Wakati huo elimu ya mikrobe ilikuwa changa. Louis Pasteur wa Ufaransa na Robert Koch wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba magonjwa mengi yanaletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1881 Pasteur, na George Sternberg wa Marekani kwa upande wake, walitangaza mikrobe ambayo leo inaitwa nimokoki. Baadaye ilijulikana kuwa ndiyo mikrobe inayoongoza kwa kuleta nimonia kwa watoto. Mwaka 1892, mwaka ule ule Bordet alipomaliza masomo, Mjerumani Richard Pfeiffer alitangaza bakteria nyingine aliyoitoa katika makohozi ya wagonjwa wa mafua makali, akidhani ndiyo iliyoleta mafua hayo. Alikosea, maana mafua yale yanaletwa na virusi. Hata hivyo bakteria yake ilikuwa ya kweli, na aina yake moja, inayoitwa Hib, iliua watoto wengi kwa nimonia na kwa ugonjwa wa utando wa ubongo kabla ya chanjo kupatikana.

Kosa la Pfeiffer lilikuwa fundisho kwa watafiti wote wa wakati ule. Kuona mikrobe katika makohozi ya mgonjwa hakutoshi kusema kwamba ndiyo iliyomfanya augue. Kinywa na koo vina mikrobe nyingi ambazo hazina kosa lolote. Anayetaka kushitaki moja kati yao lazima alete ushahidi.

Paris, katika nyumba ya Pasteur

Mwaka 1894 serikali ya Ubelgiji ilimpa Bordet msaada wa masomo, akaenda Paris kufanya kazi katika Taasisi ya Pasteur. Aliwekwa katika chumba cha Élie Metchnikoff, Mrusi aliyekuwa amegundua kwamba ndani ya damu kuna chembe nyeupe zinazomeza mikrobe.

Metchnikoff aliamini kwamba chembe hizo ndizo zinazoulinda mwili. Watafiti wengine, hasa wa Ujerumani, walisema ulinzi umo katika seramu, yaani yale maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda. Bordet alikuwa kijana mgeni katika nyumba ya Metchnikoff, lakini kazi yake ilimwongoza kuiangalia seramu.

Mwaka 1895 alifanya jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifuata. Alichukua seramu ya mnyama aliyechanjwa dhidi ya kipindupindu. Seramu hiyo ikiwa mbichi iliyeyusha mikrobe za kipindupindu. Alipoipasha moto kiasi cha digri 55, ilipoteza nguvu hiyo. Kisha akaongeza kidogo seramu mbichi ya mnyama ambaye hakuchanjwa kamwe, ambayo peke yake haikuweza kitu. Ghafula mikrobe zikaanza kufa tena.

Maana yake ni kwamba ndani ya seramu mna vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Cha kwanza kinavumilia moto, na kinapatikana kwa yule tu aliyechanjwa au aliyekwisha kuugua. Leo tunakiita kingamwili. Cha pili kinaharibika kwa moto, na kila mtu anacho tangu kuzaliwa. Leo kinaitwa komplementi. Kingamwili ni kama kijana sokoni anayemtambua mwizi, akamshika na kupiga kelele. Komplementi ni kama umati unaosikia kelele na kuja mbio. Kijana peke yake hana nguvu ya kutosha, na umati bila kijana haujui mwizi ni nani.

Ugunduzi huo ulieleza pia chanjo inafanya nini: inamfundisha yule kijana sura ya mwizi kabla mwizi hajaingia sokoni.

Safari ya Afrika

Mwaka 1897 Taasisi ya Pasteur ilimtuma Bordet Afrika, katika Transvaal, ambayo leo iko Afrika Kusini. Alikwenda pamoja na Jean Danysz. Wakati huo sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia kutoka kaskazini-mashariki ya bara, ulikuwa unamaliza mifugo. Ulishuka kupitia Afrika Mashariki, ukavuka mto Zambezi mwaka 1896, na nyuma yake ukaacha njaa kwa watu waliotegemea ng'ombe kwa maziwa, kulima na kubeba mizigo.

Huko Transvaal, Danysz na Bordet walifanya kazi pamoja na Arnold Theiler, daktari wa wanyama kutoka Uswisi, wakitafuta namna ya kutumia seramu kuokoa ng'ombe. Sotoka ilikuja kufutwa duniani mwaka 2011, kwa nguvu ya chanjo.

Alirudi Paris, na mwaka 1898 akaonyesha kwamba seramu inaweza kupasua hata chembe nyekundu za damu ya mnyama mwingine, kwa kanuni ile ile ya vitu viwili. Mwaka 1899 alimwoa Marthe Levoz. Walizaa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja, Paul, ambaye naye alikuja kuwa daktari wa mikrobe.

Mwaka 1901 alirudi Brussels kuongoza taasisi mpya ya kupambana na kichaa cha mbwa na kuchunguza mikrobe. Mwaka 1903 mjane wa Pasteur aliruhusu taasisi hiyo itumie jina la marehemu mume wake, ikaitwa Taasisi ya Pasteur ya Brussels. Bordet aliiongoza mpaka mwaka 1940.

Kipimo kilichozaa vingine

Mwaka huo wa 1901, Bordet na Gengou walitoa kipimo ambacho madaktari walikitumia kwa miaka mingi. Kingamwili inapokutana na mikrobe yake, komplementi iliyopo inatumika yote. Ukiweka baadaye chembe nyekundu za damu zilizoandaliwa, chembe hizo zinakuwa kama mashahidi: zikipasuka, komplementi ilikuwa imebaki, kwa hiyo kingamwili haikukutana na mikrobe yake. Zisipopasuka, komplementi imekwisha kutumika, na hapo unajua kwamba mgonjwa anayo kingamwili ya mikrobe ile.

Kwa njia hiyo daktari aliweza kusoma katika damu ya mtu ugonjwa aliowahi kukutana nao, hata kama mikrobe yenyewe haionekani. Mwaka 1906 August von Wassermann wa Ujerumani alitumia kanuni hiyo kutengeneza kipimo cha kaswende kilichojulikana dunia nzima. Bordet alikitumia kipimo chake mwenyewe katika kazi ya kifaduro.

Miaka sita ya kutafuta

Katika karne ya 19 kifaduro kiliua watoto wengi sana Ulaya. Kilianza kama mafua ya kawaida, pua kutoka makamasi na kikohozi kidogo. Baada ya wiki moja au mbili kikohozi kiligeuka. Mtoto alikohoa mfululizo bila nafasi ya kuvuta hewa, uso ukawa mwekundu na baadaye bluu, na mwishoni akavuta hewa kwa sauti kali kama filimbi. Mara nyingi alitapika. Aliweza kuendelea hivyo kwa miezi miwili au zaidi. Waliokufa walikuwa hasa watoto wachanga, na kilichowaua mara nyingi ni nimonia iliyofuata.

Kila mtu alijua kwamba ugonjwa huo unaambukiza. Hakuna aliyekuwa ameonyesha ni mikrobe gani. Wengine waliotafuta walikuta bakteria zinazofanana na ile ya Pfeiffer, wakazishitaki.

Mwaka 1900 Bordet na Gengou waliangalia kwa mikroskopu makohozi ya mtoto mchanga aliyekuwa ameanza tu kuugua. Waliona ndani yake bakteria ndogo ya mviringo mrefu, nyingi mno na karibu peke yake. Ilifanana na ya Pfeiffer lakini haikuwa ile. Bordet angeweza kutangaza siku hiyo hiyo kwamba amekipata kisababishi. Hakutangaza, kwa sababu hakuwa ameweza kuiotesha. Bakteria isiyooteshwa peke yake haiwezi kujaribiwa, na isiyojaribiwa inabaki kuwa mshukiwa tu.

Tatizo lilikuwa chakula. Mikrobe hiyo ni teule sana. Haiishi ndani ya mnyama wala katika udongo, inaishi katika njia ya hewa ya binadamu tu. Vyakula vya kawaida vya maabara havikuifaa. Majaribio yalichukua miaka. Mwishowe walipata mchanganyiko wa maji ya viazi, gliserini na damu nyingi. Mchanganyiko huo ungali unaitwa kwa majina yao mawili, Bordet-Gengou.

Waandishi wa historia ya tiba wanasimulia kwamba mikrobe iliyofanikiwa kuota vizuri ilitoka kwa mtoto wa Bordet mwenyewe, aliyeshikwa na kifaduro mwaka 1906. Kwa hiyo aliyesimama mbele ya mikroskopu hakuwa mtafiti tu. Alikuwa pia baba ambaye nyumbani kwake mtoto anakohoa usiku.

Bado ushahidi ulihitajika. Hapo ndipo kipimo cha 1901 kilipofaa. Walichukua seramu ya watoto waliopona kifaduro, wakaikutanisha na mikrobe mpya. Kingamwili ilikuwemo. Miili ya watoto hao ilikuwa inaitambua mikrobe ile. Bordet na Gengou waliandika matokeo yao mwaka huo katika jarida la Taasisi ya Pasteur, na tangu hapo kesi ya kifaduro ikawa na mshitakiwa mmoja anayejulikana. Katika miaka iliyofuata walionyesha pia kwamba mikrobe hiyo ina sumu, jambo linaloeleza kwa nini kikohozi kinaendelea wiki nyingi hata baada ya mikrobe zenyewe kupungua.

Vita, Nobeli na uzee

Mwaka 1907 Bordet alifanywa profesa wa bakteria katika Chuo Kikuu cha Brussels, kazi aliyoifanya mpaka 1935. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliingia Brussels na kazi za maabara zikakwama. Aliitumia miaka hiyo kuandika kitabu kikubwa juu ya kinga ya mwili, kilichotoka mwaka 1920.

Mwaka huo wa 1920 alitangazwa mshindi wa tuzo ya Nobeli ya tiba ya mwaka 1919, kwa ugunduzi wake juu ya kinga. Habari ilimkuta yuko safarini Marekani. Mwaka 1930 aliongoza mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wataalamu wa mikrobe, uliofanyika Paris. Hospitali ya saratani ya Brussels iliyofunguliwa mwaka 1939 ilipewa jina lake, na mpaka leo inaitwa Taasisi ya Jules Bordet. Mwaka 1940 mwanawe Paul alichukua uongozi wa Taasisi ya Pasteur.

Jules Bordet alifariki Brussels tarehe 6 Aprili 1961, akiwa na miaka 90. Congo ilikuwa huru tangu miezi tisa, na Katanga ilikuwa katika sesesioni ya Moïse Tshombe. Mwaka 1952 wataalamu walikuwa wamekwisha kuipa jamii ya mikrobe yake jina la Bordetella, kwa hiyo alikufa akijua kwamba jina lake limebaki.

Wanawake wa Grand Rapids

Kumjua mwizi si sawa na kumzuia. Kutoka mikrobe ya 1906 mpaka chanjo nzuri ilipita miaka karibu 30, na kazi hiyo ilikamilishwa na watu wengine.

Katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan huko Marekani, wanawake wawili, Pearl Kendrick na Grace Eldering, walianza mwaka 1932 kushughulikia kifaduro. Ulikuwa wakati wa shida kubwa ya uchumi. Baada ya saa za kazi walizunguka katika nyumba za maskini wakiwa na visahani vyenye chakula cha Bordet-Gengou. Mtoto alikohoa mbele ya kisahani, kisha wao wakasubiri kuona kama mikrobe itaota. Kwa njia hiyo walijua nani anaumwa kweli, na anaambukiza kwa muda gani. Kuanzia 1934 waliijaribu chanjo yao kwa watoto wengi wa mji huo, wakilinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa, na ikaonekana wazi kwamba inalinda. Baadaye Loney Gordon, mwanamke Mweusi Mmarekani, alijiunga nao na kusaidia kupata aina ya mikrobe iliyoifanya chanjo iwe na nguvu zaidi. Kisha kifaduro, dondakoo na pepopunda viliunganishwa katika shindano moja.

Watoto wa nchi tajiri waliipata mapema. Kwa Afrika ilichukua muda mrefu zaidi. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa kupanua chanjo mwaka 1974, miaka 68 baada ya tangazo la Bordet. Wakati huo watoto waliochanjwa katika nchi maskini walikuwa chini ya 5 kwa 100. Shaba ya Katanga ilikuwa imekwisha kufika Ulaya kwa zaidi ya nusu karne. Elimu iliyotoka mji ule ule wa Brussels ilichelewa njiani.

Na katika kambi za wafanyakazi?

Katika miaka ya kwanza ya migodi, nimonia ilikuwa kati ya magonjwa yaliyoua sana wafanyakazi wa Union Minière. Vijana walitoka vijiji vya mbali, wakalala wengi katika chumba kimoja, kwenye baridi ya kiangazi ya Katanga, na mikrobe ambazo hawakuwahi kukutana nazo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili siasa yake, ikawaruhusu na hata kuwahimiza wafanyakazi kukaa na wake na watoto. Tangu hapo watoto walikuwa sehemu ya hesabu za kampuni, na madaktari wake walianza kuwapima na kuwafuatilia.

Kolwezi yenyewe ilijengwa kama mji wa migodi katika miaka ya 1930. Leo ni makao makuu ya jimbo la Lualaba, lililoundwa mwaka 2015, na kila siku familia zinafika kutoka Kasai na kwingineko kutafuta maisha katika karieri. Nyumba zinabanana. Chumba kimoja kinalaza watu wengi, na mbabula ya makala inawashwa ndani usiku wa baridi. Mikrobe za njia ya hewa zinapenda hali kama hiyo, tangu enzi za kambi mpaka sasa.

Vumbi lina kosa lake, mikrobe ina lake

Mkaaji wa Kolwezi anaposema kwamba vumbi linaumiza watoto, hasemi uongo. Malori ya migodi yanapita mchana na usiku kwenye barabara ya taifa namba 39, na kiangazi majani ya miti yanakuwa mekundu kwa vumbi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba wakaaji wa Kasulo, mtaa uliochimbwa kobalti chini ya nyumba, walikuwa na kobalti nyingi katika miili yao, hasa watoto. Madai ya wananchi dhidi ya uchafuzi ni ya haki, na yanapaswa kuendelea.

Lakini vumbi na moshi havileti kifaduro. Vinadhoofisha mapafu na kufungua njia. Anayepita njia hiyo ni mikrobe. Mzazi anayehesabu kila kikohozi kuwa ni vumbi anaweza kungoja mvua inyeshe ili mtoto apone, wakati mtoto anahitaji kupelekwa kituo cha afya usiku huo huo.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 nimonia iliua watoto 740,180 wa chini ya miaka 5, yaani 14 kwa kila vifo 100 vya umri huo. Kati ya bakteria, nimokoki ndiyo inayoongoza, na Hib inaifuata. Virusi pia vina sehemu yao. Kifaduro kina hatari yake ya pekee kwa watoto wachanga, kwa sababu mtoto wa wiki chache anaweza asitoe ile sauti ya filimbi. Anaacha kupumua kwa muda, anageuka bluu, na mzazi anadhani ni kitu kingine.

Kwa jambo hilo chanjo ya Congo imepangwa vizuri. Penta, ambayo nchi yetu inaitumia tangu 2009, inalinda dhidi ya magonjwa matano, kati yake kifaduro na Hib. Chanjo ya nimokoki ilianza kuingizwa nchini mwaka 2011. Zote mbili zinatolewa mara tatu: wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Katika mpango wa taifa ni za bure.

Shindano ya kwanza peke yake haitoshi. Ni kama kumwonyesha yule kijana wa sokoni sura ya mwizi mara moja tu, gizani. Mama anayehamia karieri nyingine baada ya wiki 6, au anayepoteza kadi ya chanjo, anaweza kuendelea katika kituo chochote cha afya. Hana haja ya kuanza upya, wala haya ya kuona kwa kuchelewa.

Kuna pengo moja ambalo Penta haiwezi kuliziba. Kabla ya wiki 6 mtoto hana ulinzi wake wa kifaduro, na shindano ambayo mama wajawazito wanapigwa hapa kwetu ni ya pepopunda, haina kifaduro ndani. Pia kinga ya chanjo inapungua baada ya miaka kadhaa. Kwa hiyo anayemletea mtoto mchanga mikrobe mara nyingi ni mkubwa wa nyumba hiyo hiyo: kaka anayetoka shule, mjomba anayetoka mgodini, au nyanya mwenye kikohozi kisichoisha wiki ya tatu. Desturi yetu ni kwenda kumwona mtoto na kumbeba. Mwenye kikohozi atoe pongezi zake akiwa mlangoni, na familia isimwone kuwa ana dharau.

Dalili za kutongoja

Wauguzi na relais communautaires wanafundishwa kuhesabu pumzi, na mzazi mwenye simu yenye saa anaweza kufanya hivyo pia, mtoto akiwa ametulia. Kwa dakika moja nzima, pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni pumzi za haraka, na mtoto mwenye kikohozi anayepumua hivyo anaweza kuwa na nimonia. Kifua kikiingia ndani chini ya mbavu kila anapovuta hewa, asipoweza kunyonya au kunywa, akigeuka bluu, akiacha kupumua kwa muda au akilegea bila kuamka vizuri, ni hatari kubwa, apelekwe hospitali mara moja.

Kifaduro kinatibiwa kwa antibiotiki za aina maalum, na zinafaa zaidi zikianza mapema, kabla ya kikohozi cha mfululizo. Zikichelewa, zinasaidia hasa kuzuia mtoto asiambukize wengine. Vidonge vinavyonunuliwa sokoni bila kumwona muuguzi vinaweza kuwa si vya mikrobe hiyo kabisa.

Bordet aliiona mikrobe yake mwaka 1900, na kwa miaka sita hakuitaja kuwa yenye kosa mpaka alipopata ushahidi. Mzazi wa Kolwezi hana miaka sita, na hapaswi kutafuta ushahidi peke yake. Ana kadi ya chanjo ya kuangalia leo jioni, kama mistari mitatu ya Penta imejaa. Kama mmoja uko wazi, siku ijayo ya kupima watoto kilo katika kituo chake cha afya ndiyo siku ya kuujaza.